Nyumba Njema Si Mlango: Sudan Kusini, Jumuiya ya Afrika Mashariki na Swali la Amani

(Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa katika ukumbi wa kanisa, Changamwe, mbele ya wanamageuzi na waumini kutoka Changamwe, Likoni na Kisauni.)



Swali nililopewa ni hili: nchi iliyotoka vitani ikipokelewa katika umoja wa majirani zake, je, amani yake huimarika? Laweza kuonekana kuwa swali la wakubwa wa Arusha na mabalozi wao, wala si la mtu anayeamka alfajiri kuwahi feri ya Likoni au kungojea kibarua kwenye lango la bandari. Nitajaribu kuonyesha kwamba ni swali letu kabisa. Na ili tusipotee katika maneno mengi, nitaishika nchi moja, Sudan Kusini, iliyokubaliwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016.

Jibu langu nalitoa mapema, msije mkachoka kulingoja. Uanachama peke yake hauleti amani. Wahenga wetu walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Umoja wa majirani huleta amani pale tu masharti ya kuingia yanapodaiwa kwa dhati, kabla ya mlango kufunguliwa na baada ya mgeni kuketi. Tena wa kuyadai masharti hayo si marais peke yao. Ni wananchi, na miongoni mwa wananchi hao mmo ninyi mlioketi hapa.

Kwa nini jambo hili ni letu

Tazameni barabara hii inayopita mbele yetu. Matrela yatokayo Kilindini huvuka hapa Changamwe, yakapanda Miritini, Mazeras na Mariakani, yakaenda hadi Malaba. Mengi huishia Uganda, lakini mengine huendelea kaskazini kupitia Gulu hadi mpaka wa Nimule, kisha Juba. Ni safari ya zaidi ya kilomita 1,500. Mchele, saruji, dawa na vyuma vya kujengea vinavyotumika Juba, sehemu kubwa vimeshushwa na mikono ya watu wa mitaa hii. Dereva na taniboi wake wana wake na watoto hapa Changamwe na ng'ambo ya Likoni. Barabara ya Juba ikiwa ya damu, kilio hufika hapa kwanza. Mwaka 2021 madereva wa Kenya na Uganda walikataa kuendelea na safari baada ya wenzao kuuawa katika barabara za Sudan Kusini. Hapo nchi hiyo ilikwisha kuwa mwanachama kwa miaka mitano.

Wala si chakula na saruji tu vilivyopita hapa. Mnakumbuka meli ya MV Faina, iliyotekwa na maharamia wa Kisomali mwezi wa Septemba 2008 ikiwa na vifaru 33 vya aina ya T-72, ikatia nanga Mombasa Februari 2009. Serikali ya Kenya ilisema ni mali ya jeshi letu. Ushahidi uliojitokeza baadaye, zikiwemo hati za mzigo wenyewe, ulielekeza kwa serikali ya Sudan Kusini. Basi bandari yetu yaweza kupitisha mkate, na yaweza kupitisha mauti. Mtu wa Mombasa hawezi kusema ya Juba hayamhusu.

Na sisi pia tumewahi kuwaumiza majirani. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Wakenya zaidi ya 1,100 waliuawa. Reli iling'olewa Kibera, malori yakakwama, na mafuta yakaadimika Uganda na Rwanda. Wakati huo Kenya ilikuwa mwanachama mwasisi wa Jumuiya. Uanachama huo haukuzuia panga hata moja. Amani ilirudi kwa sababu wapatanishi walioongozwa na Kofi Annan, pamoja na Mzee Benjamin Mkapa na Mama Graça Machel, waliwakalisha wakubwa mezani hadi walipotia sahihi tarehe 28 Februari 2008, na kwa sababu wananchi waliendelea kudai katiba mpya hadi wakaipata mwaka 2010. Nasema haya ili tusije tukamnyooshea kidole jirani kana kwamba kwetu hapakuungua.

Jinsi Sudan Kusini ilivyoingia

Historia yenyewe yatupasa tuikumbuke kwa mpangilio. Mkataba wa amani uliomaliza vita virefu vya Sudan ulijadiliwa katika ardhi yetu, Machakos na Naivasha, chini ya usuluhishi wa Jenerali Lazaro Sumbeiywo, ukatiwa sahihi Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Sudan Kusini ikawa huru tarehe 9 Julai 2011, na mwaka huo huo ikaomba kuingia katika Jumuiya. Kabla ombi halijaamuliwa, mwezi wa Desemba 2013, Rais Salva Kiir na aliyekuwa makamu wake, Riek Machar, walitumbukia vitani. Vita hivyo viligawa jeshi, vikagawa makabila, vikagawa hata familia. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 ulikadiria kwamba karibu watu 400,000 walikufa kwa sababu ya vita hivyo, wengine kwa risasi, wengine kwa njaa na maradhi. Mamilioni walikimbia makwao, na maelfu kwa maelfu kati yao tuliwapokea Kakuma.

Mwezi wa Agosti 2015 pande mbili zilitia sahihi mapatano chini ya IGAD. Rais Kiir alitia sahihi yake huku akitoa orodha ya mambo asiyoyakubali. Miezi sita baadaye, tarehe 2 Machi 2016, Wakuu wa Nchi waliokutana Arusha waliikubali Sudan Kusini kuwa mwanachama. Tarehe 15 Aprili mkataba wa kuingia ukatiwa sahihi Dar es Salaam. Tarehe 26 Aprili Machar akarudi Juba. Mwezi wa Julai mji wa Juba ukawaka moto tena, vifaru barabarani na helikopta angani, na Machar akakimbia kwa miguu kuelekea Kongo. Tarehe 5 Septemba, damu ya Julai ikiwa bado mbichi, hati za mwisho zikapokelewa Arusha, na Sudan Kusini ikawa mwanachama kamili.

Ndugu zangu, tafakarini tarehe hizo. Kati ya sahihi ya Aprili na hati za Septemba, vita vilirudi katika mji mkuu wa nchi iliyokuwa ikikaribishwa. Huo ndio uliokuwa wakati wa majirani kusema: ngojeni kwanza, tutazame nyumba yenu. Lakini sherehe iliendelea kama ilivyopangwa.

Masharti yalikuwapo

Tusidanganywe kwamba Jumuiya haikuwa na kanuni. Mkataba wake ulitiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ukaanza kutumika Julai 2000. Ibara ya 3 yataja mambo ya kupimwa kabla nchi haijapokelewa. Miongoni mwake ni utawala bora, demokrasia, utawala wa sheria, haki za binadamu na haki ya kijamii. Ibara ya 6 na ya 7 zayarudia hayo kuwa msingi na mwongozo wa Jumuiya yote, na zatamka kwamba ushirikiano huu umweke mwananchi mbele. Ibara ya 146 yawapa Wakuu uwezo wa kuisimamisha nchi inayovunja misingi hiyo. Na ijapokuwa Wakuu huamua kwa kauli moja, Ibara ya 148 yasema maoni ya nchi inayotuhumiwa hayatahesabiwa katika jambo hilo. Kwa hiyo fimbo ilikuwapo mkononi. Haikuinuliwa.

Kwa nini haikuinuliwa? Naona sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba baadhi ya waliokaa mezani walikuwa na mkono wao vitani. Jeshi la Uganda lilikuwa limepigana upande wa Rais Kiir tangu mwisho wa 2013 hadi 2015, na mwaka 2025 likapelekwa tena. Mtu hawezi kuwa refa na mchezaji kwa wakati mmoja. Sababu ya pili yauma zaidi: kila mtawala hujua kwamba leo akidai uchaguzi wa haki kwa jirani, kesho jirani atadai uchaguzi wa haki kwake. Hivyo hufichiana aibu. Huo si umoja wa mataifa, ni chama cha watawala.

Tazameni walivyofanya wengine. Kroatia ilitoka vitani mwaka 1995, nayo ikataka kuingia Umoja wa Ulaya. Ilipasa mazungumzo yaanze Machi 2005. Yakaahirishwa, kwa kuwa nchi hiyo ilionekana haifanyi juhudi ya kutosha kumpata Jenerali Ante Gotovina, aliyekuwa akitafutwa na mahakama ya The Hague. Mazungumzo yalianza Oktoba mwaka huo, baada ya mwendesha mashtaka kuridhika na ushirikiano wa serikali, na Desemba jenerali akakamatwa. Hatimaye, mwaka 2012, mahakama ya rufaa ilimwona hana hatia. Lakini jambo la kushika ni kwamba alifika mbele ya sheria, na nchi yake ilingoja hadi Julai 2013 kuingia. Ulaya nayo ina dhambi zake, wala siwasimulii haya ili tuiabudu. Nataka tuone tu kwamba mlango ukilindwa, anayebisha hodi hutengeneza nyumba yake kabla ya kufunguliwa.

Kwa Sudan Kusini, mapatano ya 2015 yenyewe yaliahidi mahakama maalumu ya kuhukumu makosa ya vita, ikisaidiwa na Umoja wa Afrika. Ahadi hiyo ikarudiwa katika mapatano mapya ya Septemba 2018. Mwaka 2025 ulipita mahakama hiyo ikiwa haijaundwa. Jumuiya ingeweza kuifanya ahadi hiyo kuwa ufunguo wa mlango wake. Iliuacha mlango wazi, na ufunguo ukabaki mfukoni.

Mpaka ulifunguliwa kwa nani?

Husemwa kwamba umoja wa majirani hupunguza vita kwa kufungua mipaka. Haya, na tuulize mpaka ulifunguliwa kwa nani. Novemba 2016 James Gatdet Dak, msemaji wa Machar aliyekuwa akiishi Nairobi, alikamatwa na kurudishwa Juba kwa nguvu. Mwaka 2018 alihukumiwa kunyongwa, kisha akaachiliwa baada ya mapatano. Januari 2017 watu wengine wawili, wakili Dong Samuel Luak na mwanasiasa Aggrey Idri, walitoweka Nairobi. Mwaka 2019 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba yaelekea sana walisafirishwa hadi Sudan Kusini na kuuawa huko mwishoni mwa mwezi huo huo wa Januari.

Matukio hayo yalitokea katika miezi michache baada ya nchi hiyo kuwa ndugu yetu kamili. Dereva wa Changamwe alikuwa bado ananyang'anywa fedha kila kizuizi njiani, mama muuza nguo alikuwa bado anazungushwa mpakani, lakini mkono wa usalama ulivuka bila kuulizwa pasipoti. Novemba 2024 tuliona tena jambo la namna hiyo, pale Dakta Kizza Besigye alipotekwa Nairobi na kuonekana baadaye mbele ya mahakama ya kijeshi Kampala. Umoja wa polisi wakimbilia mbele, na umoja wa wananchi wachechemea nyuma. Hapo hakuna amani. Pana utulivu wa hofu, nasi twajua hofu huzaa nini.

Likoni yatufundisha

Watu wa Likoni hawahitaji kwenda Juba ili waelewe maneno haya. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari, wakatwaa bunduki, kisha wakaanza kuwawinda majirani waliotoka bara. Watu zaidi ya 100 waliuawa katika siku na majuma yaliyofuata, na wapatao 100,000 wakahama. Viwanja vya makanisa vikawa kambi. Vijana wa pwani nao wakakamatwa kwa makundi na kuteswa, wenye hatia na wasio na hatia. Uchaguzi ulikuwa unakaribia, na maelfu waliofukuzwa hawakuwepo kupiga kura Desemba ile.

Wakati huo huo wabunge wa chama tawala na wa upinzani walikuwa Nairobi wakipatana juu ya mageuzi machache, katika kundi lililoitwa IPPG. Yaliyopatikana hayakuwa bure. Lakini wanamageuzi waliodai katiba mpya waliachwa nje ya chumba, na damu ya Likoni haikuwa sharti la mapatano. Mwaka 1998 iliundwa Tume ya Jaji Akiwumi. Taarifa yake ilitolewa hadharani mwaka 2002, ikapendekeza watu kadhaa wachunguzwe. Tangu hapo hakuna mkubwa aliyehukumiwa kwa ajili ya Likoni. Na mnajua wenyewe, kila uchaguzi unapokaribia, wapo jirani zetu wanaopakia vyombo na kusafirisha watoto.

Ndiyo maana nasema Likoni na Juba ni shule moja. Wakubwa wakipatana mezani huku walioumizwa wakiwa nje, vita havimaliziki, vinalala tu. Nabii Yeremia aliwakemea viongozi wa zamani zake waliokuwa wakitangaza amani mahali pasipokuwa na amani, wakilitibu jeraha la watu juu juu. Kidonda kilichofungwa kitambaa kabla ya kusafishwa huoza ndani, hata kitambaa hicho kiwe bendera ya Jumuiya.

Yaliyopatikana

Tusiwe, hata hivyo, watu wa kulaani tu. Mlango uliofunguliwa bila masharti umewapa wananchi wa Sudan Kusini kitu ambacho watawala pengine hawakukitarajia, nacho ni mahali pa kushtaki. Ibara ya 30 ya Mkataba yamruhusu mtu yeyote mkaazi wa nchi mwanachama kuipeleka serikali mbele ya Mahakama ya Afrika Mashariki. Mwaka 2017 Rais wa Sudan Kusini aliteua kwa amri yake wabunge tisa wa kwenda katika Bunge la Afrika Mashariki, ilhali Mkataba wasema wachaguliwe na bunge la nchi. Raia mmoja wa nchi hiyo akaenda Arusha kushtaki. Mahakama ikazuia wabunge hao wasiapishwe, na mwezi wa Agosti bunge la Juba likalazimika kupiga kura upya.

Lilikuwa jambo dogo, mtasema. Lakini fikirini: katika nchi ambamo bunduki ndiyo iliyokuwa hakimu, mtu mmoja asiye na bunduki alimzuia rais kwa karatasi. Huo ndio mwanzo wa amani ya kweli, mtawala anapolazimika kutii neno lililoandikwa.

Njia hiyo ina miiba. Mkataba wadai kesi ifunguliwe katika miezi miwili tangu tendo lenyewe litokee au lijulikane kwa mlalamikaji, atakayechelewa hasikilizwi. Na hukumu zaweza kukawia mno. Mwaka 2015 asasi za kiraia zilikwenda Arusha kupinga muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza wa Burundi. Ushindi wao katika rufaa ulikuja Novemba 2021, rais huyo akiwa amekwisha kufariki. Hata hivyo hukumu ipo, na itasomwa na wengine watakaojaribu kama yeye.

Jumuiya inakua, swali linakua

Baada ya Sudan Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia mwaka 2022. Mwezi wa Novemba mwaka huo Jumuiya ilianza kupeleka jeshi mashariki ya Kongo. Desemba 2023 jeshi hilo likaondoka kwa kuwa serikali ya Kinshasa haikuridhika nalo. Januari 2025 waasi wa M23 wakauteka mji wa Goma, na Februari wakauteka Bukavu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamesema mara kadhaa kwamba Rwanda iliwaunga mkono waasi hao, na Rwanda imekanusha. Kwa vyovyote, ndugu wawili wa nyumba moja wameshtakiana kwa mauaji. Somalia nayo ilikubaliwa Novemba 2023, ikawa mwanachama kamili Machi 2024, vita dhidi ya Al-Shabaab vikiwa bado vyaendelea. Sisi wa pwani twajua vita hivyo vyaweza kufika wapi.

Na Sudan Kusini yenyewe? Septemba 2024 uchaguzi uliahirishwa tena, hadi Desemba 2026. Machi 2025 Machar aliwekwa kizuizini nyumbani kwake, na Septemba mwaka huo akashtakiwa kwa uhaini na mauaji. Miaka tisa ya uanachama haikuwa imewazuia wale wale wawili kurudi pale pale.

Sisemi nchi hizo zifukuzwe. La hasha. Kumfukuza mwenye watawala wabaya ni kumwadhibu mara mbili mwananchi wake. Nasema wale ambao tayari wamo ndani waanze kudaiana, na kila atakayebisha hodi baadaye apimwe kwa Ibara ya 3.

La kufanya

Kanisa haliingii katika kazi hii mikono mitupu. Mwaka 1972 Baraza la Makanisa Ulimwenguni na Baraza la Makanisa ya Afrika Nzima ndiyo yaliyosaidia kuwapatanisha Wasudan kule Addis Ababa. Mwaka 1999 Baraza la Makanisa la Sudan Mpya liliwakutanisha machifu wa Wadinka na Wanuer huko Wunlit, wakapatana juu ya ng'ombe, malisho, na wanawake na watoto waliotekwa. Aprili 2019 Papa Fransisko, mzee aliyeumwa miguu, aliinama akaibusu miguu ya Kiir na Machar. Na Februari 2023 alikwenda Juba pamoja na Askofu Mkuu wa Canterbury na kiongozi wa Kanisa la Skoti. Wenye miguu ile hawakubadilika kama alivyotumaini. Lakini machifu wa Wunlit walitufundisha kwamba amani ya vijijini hujengwa na waliofiwa wenyewe, wakitajiana waliyotendeana.

Basi naomba tuondoke hapa na mambo manne.

La kwanza, kila kamati ya haki na amani ya parokia na kila kikundi cha wanamageuzi kiupate Mkataba wa Jumuiya, kisome Ibara za 3, 6, 7, 30 na 146, na kizieleze kwa Kiswahili kinachoeleweka. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 2, yasema mikataba iliyoridhiwa na Kenya ni sehemu ya sheria za Kenya. Kwa hiyo huo si waraka wa Arusha, ni sheria yako wewe wa Kisauni.

La pili, Kenya huwachagua wabunge tisa wa Bunge la Afrika Mashariki. Tuwaandikie, tuwaite Likoni, Kisauni na Changamwe, watueleze wamesema nini juu ya Juba na Goma. Na kila mkataba mpya unapofikishwa mbele ya Bunge la Taifa, tutumie haki ya kutoa maoni tuliyopewa na Katiba na na sheria ya mikataba ya mwaka 2012. Mwakilishi asiyeulizwa husahau aliyemtuma.

La tatu, madereva, mataniboi na wafanyabiashara waendao kaskazini wawe na mahali pa kuandikisha yanayowapata: tarehe, mahali, aina ya askari, fedha iliyodaiwa. Tumesikia kwamba mahakama hutoa miezi miwili tu. Ushahidi usioandikwa mapema hufa pamoja na hasira.

La nne, tuanze na nyumba yetu. Hatuwezi kudai mahakama ya makosa ya vita Juba huku tukinyamazia Likoni ya 1997. Waliopoteza watu wao, wa bara na wa pwani, Wakristo na Waislamu, wakutanishwe, wasikilizwe, majina ya wafu wao yaandikwe. Hatuhitaji kibali cha Nairobi wala cha Arusha kwa kazi hiyo. Twahitaji ukumbi, daftari na uvumilivu.

Ndugu zangu, Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki iliundwa 1967, ikafa 1977, na mwananchi hakuulizwa ilipozaliwa wala ilipozikwa. Hii ya pili ina nchi nane, na nyingi kati yake zimewahi kuonja vita. Ikiwa itabaki mali ya watawala, itakuwa paa moja juu ya moto mwingi. Ikiwa wananchi watazishika kanuni zake na kuzidai, basi yule mama wa Juba, yule kijana wa Goma na huyu mzee wa Likoni watakuwa na kimbilio moja la sheria, na trela litokalo hapa Changamwe litapita Nimule bila dereva wake kuaga nyumbani kana kwamba harudi.

Mungu awabariki, na awape moyo wa kudumu katika kazi hii.